Sifa za Majenerali na Ubaguzi wa Rangi Jeshini: Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Kusini mwa Tanzania, 1914–1918

1. Utangulizi

Naliendele, kata iliyo nje kidogo ya mji wa Mtwara kwenye barabara iendayo Newala, hujulikana na wengi kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, hususan utafiti wa zao la korosho. Kwa Watanzania wengine jina hilo lina maana nzito zaidi: hapo ndipo walipozikwa wanajeshi wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) waliopoteza maisha nchini Msumbiji katika miaka ya 1980. Wafu hao huitwa mashujaa na taifa huwakumbuka. Hata hivyo, miaka sabini kabla yao, eneo hili hili, kuanzia pwani ya Mikindani hadi uwanda wa juu wa Makonde na bonde la Ruvuma, lilipitiwa na vita vingine. Vita hivyo viliua watu wengi mno, na wengi wa waliokufa hawana kaburi linalojulikana. Jina lililotoka humo likiwa mashuhuri duniani ni la kamanda mmoja Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck.

Makala haya yanachunguza namna sifa za majenerali wa vita hivyo zilivyojengwa, na nafasi ya fikra za ubaguzi wa rangi katika ujenzi huo. Hoja kuu ni kwamba sifa ya jenerali haikutokana na mapigano peke yake. Ilitegemea pia uamuzi wa nani ahesabiwe na nani asihesabiwe. Wapagazi waliobeba vita mabegani walipoondolewa katika hesabu ya hasara, kampeni iliyoangamiza jamii nzima iliweza kusimuliwa kama mashindano ya werevu baina ya maofisa wa Kizungu. Inadaiwa zaidi kwamba hata sifa waliyopewa Waafrika, ile ya "askari mwaminifu", ilikuwa sehemu ya ubaguzi huo, wala haikuwa kinyume chake.

Mada hii imeguswa na watafiti kadhaa. John Iliffe (1979) aliiweka vita katika historia pana ya Tanganyika. Geoffrey Hodges (1986) aliwachunguza wapagazi wa upande wa Waingereza. Naye Michelle Moyd (2014) aliwaangalia askari wa jeshi la Kijerumani kama watu wenye malengo yao wenyewe. Makala haya yananufaika na kazi hizo, lakini yanaitazama kampeni kutoka kusini, mahali ambapo awamu yake kali ya mwisho kabla ya kuvuka Ruvuma ilipiganwa.

2. Jenerali "asiyeshindwa"

Lettow-Vorbeck hakufika Afrika Mashariki akiwa mgeni wa vita vya kikoloni. Alishiriki katika kampeni ya China ya mwaka 1900 hadi 1901, na kuanzia mwaka 1904 alitumikia katika Afrika Kusini-Magharibi ya Kijerumani, yaani Namibia ya leo, chini ya Jenerali Lothar von Trotha, wakati Waherero na Wanama walipokuwa wakiangamizwa. Alipowasili Dar es Salaam Januari 1914, alikuta koloni ambalo miaka michache tu nyuma lilikuwa limezima Vita vya Maji Maji kwa kuchoma vijiji na kuharibu chakula. Vita vyake mwenyewe vilirithi mbinu hizo.

Ushindi wake wa Tanga, Novemba 1914, dhidi ya kikosi cha Kihindi na Kiingereza kilichokuwa kikubwa zaidi, ndio ulioanzisha sifa yake. Baada ya hapo alirudi nyuma hatua kwa hatua. Septemba 1916 Waingereza walizitwaa bandari za kusini, zikiwemo Kilwa, Mikindani na Lindi. Wareno nao, ambao Ujerumani ilitangaza vita dhidi yao Machi 1916, walichukua Kionga kusini mwa mlango wa Ruvuma, wakavuka mto na kuingia Newala, kisha wakazingirwa na kufukuzwa mwishoni mwa mwaka huo huo.

Pigano kubwa kuliko yote ya kusini lilitokea Mahiwa, katika njia itokayo Lindi kwenda Masasi, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917. Upande wa Waingereza ulipoteza zaidi ya watu 2,000, waliouawa, kujeruhiwa au kupotea, kati ya wapiganaji wasiofika 5,000. Wengi wao walikuwa Waafrika, wakiwemo wanajeshi wa Brigedi ya Nigeria. Upande wa Wajerumani hasara ilikuwa ndogo kwa idadi, lakini hawakuwa na watu wala risasi za kuifidia. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Ruvuma karibu na Ngomano akiwa na askari wasiozidi 2,000, akaishinda ngome ya Wareno na kujipatia silaha zao. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 25 Novemba 1918, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168.

Kutokana na matukio hayo ilijengwa hadithi ya jenerali asiyeshindwa. Machi 1919 yeye na wenzake walipokelewa kwa shangwe mjini Berlin. Mwaka 1920 alichapisha kumbukumbu zake, pamoja na kitabu cha vijana kilichoitwa *Heia Safari!*. Kichwa hicho kinastahili kuangaliwa. Kwa Mswahili, safari ni mwendo wowote, uwe wa furaha au wa dhiki. Kwa msomaji kijana wa Kijerumani, neno hilo liligeuzwa kuwa jina la ujasiri na matembezi ya kusisimua. Mwendo uliowaua wapagazi kwa njaa na kuhara ukawa burudani.

Ushahidi wa kinyume haukukosekana, hata miongoni mwa Wajerumani wenyewe. Ludwig Deppe, daktari aliyefuatana na kikosi hicho, alikiri katika maandishi yake ya mwaka 1919 kwamba nyuma yao waliacha mashamba yaliyoharibiwa, maghala yaliyoporwa na njaa iliyokuwa inakuja. Huko Ugogo njaa iliyofuata unyang'anyi wa nafaka na ng'ombe wa pande zote mbili ilipewa jina la Mtunya, na jina hilo limedumu katika kumbukumbu za watu. Ni vigumu kueleza kwa nini ungamo la daktari halikupunguza sifa ya jenerali, isipokuwa kwa kukubali kwamba waliokufa hawakuwa miongoni mwa watu ambao vifo vyao vilihesabika kama gharama ya vita.

3. Kiswahili, vyeo na mipaka ya rangi

Watetezi wa Lettow-Vorbeck hutoa hoja tatu kuonyesha kwamba hakuwa mbaguzi: alizungumza Kiswahili, aliwapa Waafrika vyeo, na askari wake walimfuata hadi mwisho. Kila hoja inahitaji kupimwa.

Kuhusu lugha, Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala na ya amri katika koloni zima. Ofisa wa Kijerumani alijifunza Kiswahili kwa sababu bila hicho asingeweza kutoa amri, kukusanya kodi wala kuendesha shauri. Kujua lugha ya mtu hakumaanishi kumwona kuwa sawa nawe. Tena, ndani ya lugha hiyo hiyo askari walijifunza kuwaita wanavijiji washenzi, na hivyo kujiweka upande wa bwana dhidi ya ndugu zao.

Kuhusu vyeo, cheo cha efendi, ambacho kilikuwa cha juu kabisa kwa Mwafrika, hakikubuniwa na Lettow-Vorbeck. Kilitokana na askari wa Kisudani walioajiriwa na Hermann von Wissmann mwaka 1889 ili kuvunja upinzani wa pwani uliohusishwa na Abushiri. Efendi aliheshimiwa na askari, lakini hakuwa na mamlaka juu ya Mzungu yeyote. Muundo wa kombania wenyewe ulionyesha mpangilio huo: Wajerumani wasiozidi 20 juu, askari wapatao 160 hadi 200 katikati, na wapagazi takribani 250 chini. Ngazi hizo zilikuwa za rangi kabla ya kuwa za kazi.

Hoja ya uaminifu ndiyo yenye nguvu zaidi, na ndiyo iliyopotosha zaidi. Ni kweli kwamba zaidi ya askari elfu moja walifika Abercorn. Lakini mshahara wa askari wa Kijerumani ulikuwa mkubwa kuliko wa mwenzake wa upande wa Waingereza, na kazi hiyo ilimpa heshima, mke, watumishi na nafasi ya kuwa mtu mkubwa katika jamii yake, kama Moyd alivyoonyesha. Fedha zilipokwisha, askari aliyeahidiwa malipo baada ya vita alikuwa na sababu ya kuendelea kumfuata mdaiwa wake. Zaidi ya hayo, wengi hawakufika mwisho. Idadi kubwa ya askari walitoroka, hasa mwaka 1917 kikosi kilipokuwa kinasukumwa kusini, kwa maana walikuwa wanaacha makwao na kwenda nchi ya ugenini bila mshahara. Waliotoroka walikuwa wanafanya hesabu ya maisha yao kama mtu mwingine yeyote. Simulizi ya uaminifu haiwezi kuwapokea, kwa sababu inamtaka Mwafrika awe na moyo bila kuwa na akili.

Jambo hilo linahusu pia mapokezi waliyoyapata Wajerumani katika baadhi ya vijiji vya ng'ambo ya Ruvuma. Kaskazini mwa Msumbiji ilikuwa chini ya Companhia do Niassa, kampuni iliyotawala kwa kodi ya kibanda na kazi za kulazimishwa. Wanavijiji waliofurahia kuona ngome za Wareno zikianguka walikuwa wanaichukia kampuni. Simulizi ya shujaa iliichukua chuki hiyo na kuiandika kuwa mapenzi kwa jenerali.

4. Upande wa Waingereza: Smuts, Hoskins na Keya

Ingekuwa kosa kudhani kwamba ubaguzi ulikuwa wa Wajerumani peke yao. Mwanzoni mwa vita, King's African Rifles (KAR), kikosi ambacho Waswahili walikiita Keya, kilikuwa na wanajeshi wapatao 2,300 tu. Wazo la kukipanua lilikataliwa kwa muda mrefu, kwa kuwa walowezi na maofisa waliogopa kuwapa Waafrika wengi bunduki na mafunzo. Badala yake waliletwa wanajeshi weupe kutoka Afrika Kusini. Tarehe 12 Februari 1916, katika kilima cha Salaita karibu na Taveta, wanajeshi hao walirudishwa nyuma kwa vurugu na askari Waafrika wa jeshi la Kijerumani, wakaokolewa na Wabaluchi wa kikosi cha 130 cha Jeshi la India, watu waliokuwa wakidharauliwa na Waafrika Kusini hao hao kwa sababu ya rangi yao.

Jenerali Jan Smuts alichukua uongozi wiki moja baadaye. Alisonga mbele kwa kasi kuliko uwezo wa chakula na dawa kufuata. Malaria na kuhara viliwamaliza wanajeshi wake, hata ikabidi Waafrika Kusini weupe wapatao 12,000 hadi 15,000 warudishwe makwao. Januari 1917 aliondoka kwenda London, ambako alipokelewa kama mshindi na kueleza kwamba vita vya Afrika Mashariki vilikuwa vimekwisha kimsingi. Watu wa Kilwa, Lindi, Masasi na Newala walikuwa bado hawajaona vibaya vyake. Mei mwaka huo huo, katika hotuba mjini London, Smuts alitahadharisha juu ya hatari ya kuwapa Waafrika mafunzo ya kijeshi, akitaka jambo hilo lizuiwe baada ya vita. Wakati huo huo, jeshi aliloliacha lilikuwa linageuka kuwa jeshi la Waafrika, kwa kuwa hakukuwa na wengine walioweza kuendelea.

Aliyeanza upanuzi wa Keya kwa bidii ni Jenerali Arthur Reginald Hoskins, aliyekuwa amekitumikia kikosi hicho kabla ya vita. Alidumu miezi michache tu, akaondolewa, na nafasi yake kuchukuliwa na Jenerali Jacob van Deventer, Mwafrika Kusini. Hadi vita vinakwisha KAR ilikuwa na zaidi ya wanajeshi 30,000. Leo Smuts ana sanamu mbele ya Bunge la Uingereza, na Hoskins anajulikana na wataalamu wachache. Ulinganisho huu unaonyesha kwamba umaarufu haukufuata kazi iliyofanyika. Ulimfuata aliyesimulia vita kwa namna ambayo wasikilizaji wake walitaka kuisikia.

Walikuwepo Waafrika walioliona jambo hili mapema. Katika nchi jirani ya Nyasaland, baada ya pigano la Karonga la Septemba 1914, mchungaji John Chilembwe aliliandikia gazeti akipinga Waafrika kufa katika vita visivyowahusu. Barua yake ilizuiwa isisambazwe, na Januari 1915 aliongoza uasi uliogharimu maisha yake. Hivyo, kudai kwamba kuhoji ubaguzi wa wakati ule ni kuwahukumu watu wa kale kwa vigezo vya leo si hoja sahihi. Vigezo hivyo vilikuwepo wakati ule, vikasemwa na Mwafrika, vikanyamazishwa.

5. Wapagazi, hesabu na makaburi

Ardhi ya kusini haikuwa na reli ya kufikisha mizigo kwenye uwanja wa vita, na mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba. Kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilipanda uwanda wa Makonde juu ya kichwa cha mtu. Upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika kipindi chote cha vita. Vifo vilivyoandikwa rasmi vinakaribia 95,000, na watafiti wengi wanaamini kwamba idadi halisi inapita 100,000. Wengi waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa, wala si risasi. Upande wa Wajerumani wapagazi walikamatwa vijijini, wengi bila malipo, na hesabu yao haikutunzwa kwa uangalifu wowote.

Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni ya Uingereza aliandika kwamba mwenendo wa kampeni haukuwa kashfa kwa sababu tu walioteseka zaidi ni wapagazi, ambao hakuna aliyewajali. Maneno hayo ya kejeli yanaeleza kwa usahihi utaratibu unaochunguzwa hapa. Jenerali mmoja angepoteza Wazungu 95,000 katika kampeni ya pembeni, angeshtakiwa au angalau angefukuzwa. Vifo vya wapagazi havikugusa sifa ya kamanda yeyote.

Ubaguzi huo uliendelea baada ya vita. Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza, ambayo kanuni yake ilikuwa usawa wa wafu wote, haikuitumia kanuni hiyo kwa Waafrika wa eneo hili. Wazungu walipata mawe yenye majina. Waafrika walipangiwa mnara wa pamoja usio na majina, kwa madai kwamba wasingeyaelewa wala kuyathamini makaburi ya namna hiyo. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alionelea kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, yakiwemo ya Dar es Salaam, yaachwe yarudi kuwa pori upesi, na hakutaka kutafakari takwimu za waliokufa. Aprili 2021 tume hiyo, sasa ikiwa ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri kwamba ubaguzi ulichangia maamuzi hayo. Ilikadiria kuwa wafu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni mwezi huo huo.

Sanamu nazo zinasema jambo hilo hilo. Katika Dar es Salaam ya Kijerumani ilisimama sanamu ya Wissmann, na chini yake askari Mwafrika akimtazama juu. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 wakaweka mahali pake sanamu ya askari peke yake, mwenye bunduki. Maandishi ya mnara huo yanawataja wapagazi, lakini hakuna mpagazi anayeonekana. Ajabu ni kwamba kumbukumbu yao iliyo hai zaidi haikuwekwa na serikali yoyote. Ni jina la soko na mtaa, Kariakoo, lililotokana na kambi ya Carrier Corps. Watu waliitamka kwa ulimi wao, na jina likabaki pale ambapo makaburi yalitoweka.

6. Mwaka 1964

Mwaka 1964 unakusanya nyuzi hizi zote. Tarehe 20 Januari wanajeshi wa Tanganyika Rifles, warithi wa KAR, waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Miongoni mwa madai yao ni nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, ambao walikuwa bado wanaliongoza jeshi miaka miwili baada ya uhuru. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, jambo ambalo Mwalimu Nyerere aliliona kuwa la fedheha kwa taifa. Hata hivyo, swali lililoulizwa lilikuwa la haki: kwa nini Mwafrika apigane bila kuaminiwa kuongoza?

Tarehe 9 Machi Lettow-Vorbeck alifariki Hamburg akiwa na umri wa miaka 93. Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Gare, Usambara, alimsifu mazishini. Mwaka huo huo Bunge la nchi hiyo liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa bado hai. Malipo hayo yalikuwa ya haki, lakini yaliwahusu askari tu. Wapagazi hawakumo. Deni lililotambuliwa lilikuwa lile lililoipamba hadithi ya uaminifu.

Tarehe 1 Septemba JWTZ iliundwa, na Mrisho Sarakikya akawa mkuu wake wa kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1889, jeshi la nchi hii lilikuwa na kamanda aliyetoka miongoni mwa wananchi wake. Wanajeshi wa jeshi hilo ndio waliovuka Ruvuma katika miaka ya 1980, na waliokufa ndio waliozikwa Naliendele.

7. Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba sifa ya jenerali na ubaguzi wa rangi havikuwa mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Ubaguzi uliamua kifo kipi ni hasara, na hivyo ukaamua kampeni ipi ni ya kishujaa. Lettow-Vorbeck alikuwa hodari wa kukwepa kushindwa, na hakuna haja ya kukana hilo. Kinachopaswa kukanwa ni hesabu iliyofanya ukwepaji huo uonekane kuwa wa bei nafuu.

Kwa mtafiti wa kusini mwa Tanzania, hili lina maana ya kazi mahususi. Historia ya Mahiwa, Newala na Mikindani ingali ikifundishwa kwa majina ya makamanda. Orodha za wapagazi zilizobaki katika nyaraka za kikoloni, majina ya mahali, na simulizi za Wamakonde, Wamakua na Wayao vinahitaji kusomwa pamoja kabla havijapotea. Makaburi ya Naliendele yanathibitisha kwamba jamii hii inajua kuwaheshimu waliokufa vitani. Wapagazi waliopita katika ardhi hiyo hiyo wakiwa na mizigo kichwani wanastahili angalau kuhesabiwa.